Pini Isiyokatika

Juzi nilirudisha funguo za karakana, nikakabidhi tupa mbili, jiliwa lenye meno yaliyolika, na koti la kazi ambalo kwa wingi wa grisi lingeweza kwenda kwa karani kwa miguu yake. Ninyi vijana mnaobaki mmeniomba niandike niliyoyaona katika miaka yangu ya mashine za boti. Nitaandika. Habari za vyeo na mshahara zimo ndani ya jalada langu, na sijaona hata siku moja zikiwasha mashine.

Nilikuja majini nikiwa mtu wa nchi kavu. Ujana wangu wote uliishia kwenye reli, ile iliyotoka gatini Mtwara kwenda bara kuchukua karanga ambazo hazikuota. Baada ya Uhuru iling'olewa. Nilisimama nikatazama mataruma yakipakiwa kwenye lori kama kuni, nikahisi kwamba kuna mtu anazikwa na mimi tu ndiye niliyefika msibani. Mwezi uliofuata nikapelekwa karakana ya boti, kando ya ghuba. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini na sikujua kuogelea.

Siku ya kwanza alinipokea Fundi Anzuruni, mzee mwembamba wa Mikindani ambaye kofia yake nyeupe haikuwahi kuguswa na mafuta, sijui kwa uchawi gani. Alinionyesha mashine iliyofungwa kwenye ukingo wa pipa la maji, akasema, "Washa." Nikavuta kamba. Nikavuta mpaka kiganja kikachubuka. Yeye alikuwa amekaa kwenye debe, anakunywa kahawa.

"Umeangalia kama petroli inafika?"

"Bado, fundi."

"Cheche umeiona?"

"Bado."

"Sasa hiyo kamba unaivutia nini? Unateka maji kisimani?"

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa mpangilio ambao nanyi nimewafundisha mpaka mkaniiga sauti kwa mzaha: petroli, cheche, hewa, maji. Kwanza fungua kile kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi. Mashine nyingi zilizoletwa kwetu kwa mkokoteni, zimefunikwa shuka kama mgonjwa, zilikuwa na kitundu kilichofungwa, basi. Kisha toa plagi, isugue kwa brashi ya waya, iegemeze kwenye chuma cha mashine, vuta kamba utazame cheche. Usiishike kwa mkono mtupu. Mimi niliishika. Fundi Anzuruni alisubiri nimalize kurukaruka, akasema, "Vizuri, cheche ipo."

Na mashine ikishawaka, tazama nyuma yake. Lazima itoe mchirizi wa maji yanayoipoza. Sisi tuliuita mkojo, na mashine isiyokojoa tuliizima hapo hapo, kabla haijajipika yenyewe.

Maji ya bahari yalitupa kazi kuliko yote. Jioni kila mashine inataka kuoshwa ndani kwa maji baridi, chumvi itoke. Kulisema hilo karakanani ni rahisi. Nilikwenda kulisema Msangamkuu, ambako mke wa mwenye boti alikuwa anatembea asubuhi nzima kutafuta ndoo moja ya maji. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mikono kiunoni.

"Fundi, yaani mashine yako ikoge kila siku, na mimi mwenye ndoo nioge kwa kikombe?"

Alikuwa na haki, na mashine nayo ilikuwa na haki. Tulipatana kwamba mashine ioge maji ya suuza ya mwisho ya nguo. Ilidumu miaka sita, na nafikiri ndiyo iliyokuwa mashine safi kuliko zote ghuba nzima.

Mwingine alikuwa mkulima wa korosho wa Mpapura, aliyeamua ukubwani kuwa mvuvi. Oili ya kuchanganya na petroli ilimwishia, akatia mafuta ya nazi. "Mafuta si mafuta?" aliniuliza, kwa dhati kabisa. Pistoni iliganda ndani ya silinda kama jino ndani ya ufizi, na karakana ikanuka maandazi kwa siku mbili.

Nayaandika haya ya kuchekesha kwa sababu ni ya kweli, na kwa sababu naogopa kufika ninakokwenda.

Pangaboi, lile panga la mabawa matatu linalosukuma maji, limeshikwa kwenye mhimili wake na kijipini kimoja cha shaba, kifupi kuliko kidole kidogo. Panga likigonga mwamba au fungu la mchanga, pini inakatika, panga linazunguka bure, na gia zilizo ndani zinapona. Dereva anainua mashine, anatoa panga, anasukuma nje kipande kilichokatika, anatia pini mpya. Dakika kumi, na koleo moja.

Fundi Anzuruni alinishikisha pini ya kwanza mkononi, akasema, "Huyu ndiye maskini wa mashine. Amewekwa afe yeye ili wenzake wapone. Ukimhurumia, umewaua wote."

Nilimsikia. Sikumwelewa. Kwenye reli, kitu kilichokatika kilikuwa aibu ya aliyekitengeneza. Mimi nilikuwa na aibu hiyo mwilini, imeingia kama vumbi la makaa.

Atanasi alikuwa dereva wa boti ya Kilambo, kwenye Ruvuma. Wazazi wake walivuka mto kutoka ng'ambo yeye akiwa mgongoni, na vita vilipoanza huko ikawa ni zamu yake kuvusha wengine. Alibeba wagonjwa, dawa za zahanati, kina mama waliokimbia mabomu wakiwa na kuku mmoja na mkeka. Aliteremka nao mpaka mlango wa mto, akazunguka kwa baharini kuwaleta upande wetu ambako kulikuwa na barabara. Mto ule hauna ramani. Fungu la mchanga ulilolikwepa Jumatatu, Alhamisi limehamia njiani kwako.

Alikuwa anakuja karakanani na kopo la maziwa lililojaa vipande vya pini, analitikisa mlangoni kama kayamba.

"Nang'olo!" Ndivyo alivyoniita, yaani mzee kwa Kimakonde, kabla sijawa na mvi hata moja. "Hizi siyo pini. Hizi njiti za kiberiti."

"Na wewe huendeshi boti, unalima mchanga."

"Njoo ulime wewe basi, mtu wa reli! Juzi nimepiga magoti nyuma ya boti nabadilisha pini, ndege ya Mreno ikapita juu. Watu wote wamelala chini. Mimi peke yangu makalio juu, kama bata." Alicheka mpaka akafuta macho, kisha akaacha kucheka. "Boti ikisimama pale watoto wanalia, nang'olo. Wanajua kilichowakuta waliposimama mara ya mwisho. Nifanyie pini isiyokatika."

Wakati huo shaba ilikuwa imetuishia. Maombi yetu yalikuwa yameandikwa na kusahaulika mahali. Fundi Anzuruni alikuwa nyumbani, mgonjwa wa kifua. Kwenye sanduku langu nilikuwa na kipande cha chuma cha pua nilichokitunza tangu reli, kigumu, cheusi, kizuri. Nilikibana kwenye jiliwa baada ya chakula cha mchana na nikakisugua kwa tupa mpaka adhuhuri ikawa alasiri. Kila mara nilikipima kwenye tundu, nikakirudisha. Mikono yangu ilikuwa na furaha. Sina namna nyingine ya kulisema. Kwa mara ya kwanza tangu reli ing'olewe nilikuwa natengeneza kitu cha kudumu, na nilikitengeneza kwa ajili ya watoto wanaolia.

Atanasi aliibusu ile pini. Tuliitia pamoja. Miezi ikapita na kopo halikutikiswa tena mlangoni. Alikuja tu kunisalimu na kuniletea samaki wa mtoni, akaniambia, "Nagonga, napita. Nagonga, napita." Fundi Anzuruni aliporudi kazini sikumwambia. Madereva wengine waliponiomba kama ile, nikawakatalia kwa sauti ndogo. Hapo, vijana wangu, ndipo ninapojihukumu. Mtu asiyejua kosa lake hashushi sauti.

Msimu wa korosho ulikuwa unaisha na mvua zimeanza. Mto ulikuwa umejaa. Saa sita mchana, karibu na mlango wa mto, boti ya Atanasi iligonga fungu, ikapita, kisha panga likaacha kuzunguka. Alikuwa na watu saba. Alishika pondo, lakini maji yalikuwa marefu, pondo halikugusa chini. Bahari ilikuwa inapwa na mto unasukuma, vyote kuelekea upande mmoja. Kwenye mawimbi ya mlangoni boti ikajaa. Wavuvi waliokuwa kwenye mikoko wakitega kaa waliwatoa watu wote saba. Atanasi alionekana mara ya mwisho akimsukuma mtoto wa mtu kuelekea mtumbwi wa wavuvi. Alipatikana kesho yake, ufukweni.

Mashine ililetwa kwangu kwa mkokoteni. Niliifungua mwenyewe, mlango nimeurudisha. Oili ya gia ilitoka na meno ya chuma ndani yake, kama punje zilizopukuchuliwa. Gia zote mbili zilikuwa vipara. Nikatoa panga, nikasukuma pini, ikateleza ikaniangukia kiganjani. Nzima. Haikuwa na hata mkunjo.

Ndani ya boti, wavuvi walioivuta ufukweni walikuta kopo la maziwa limefungwa kwa kamba chini ya kiti. Lilikuwa na koleo na pini tatu za shaba za akiba.

Sikusikia mlango ukifunguliwa. Fundi Anzuruni alisimama nyuma yangu akitazama gia, kisha pini, kisha tupa zangu ukutani. Alielewa yote kwa mpangilio ule ule aliofundisha. Nilimtazama nikisubiri anitukane, ingenisaidia.

"Usinitazame mimi," alisema. "Mimi si mke wa Atanasi."

Wiki ile alikuja afisa na karatasi. Aliuliza, mashine ilikuwa na kasoro? Nikajibu, "Gia zilivunjika kwa kugonga." Ni kweli, na mimi niliuficha uongo ndani ya ukweli huo kama mtu anayeficha kisu ndani ya mkate. Akauliza, dereva anayeujua mto anagongaje fungu mchana kweupe? Nikanyamaza. Akaandika: uzembe wa dereva. Nikatia sahihi pale aliponionyesha.

Maneno matatu yale yaliteremka mpaka Kilambo yakafika yakiwa hadithi. Kwa kuwa msimu ulikuwa wa mabibo, watu wakasema Atanasi alikuwa amelewa uraka, pombe ya mabibo. Mara ni vikombe viwili, mara ni kibuyu kizima. Wale saba ambao wangeweza kukanusha walikuwa wameshapelekwa mbali, kwenye makazi ya wakimbizi.

Zilikuwa zimebaki siku mbili kufika arobaini yake nilipobishiwa hodi. Alikuwa Tekla, mke wa Atanasi, kaniki begani, miguu imejaa vumbi la njia yote ile.

"Karibu, shemeji."

Hakuitikia neno hilo. Alikaa juu ya sanduku la plagi. "Fundi, wewe ndiye uliyeifungua mashine?"

"Ndiyo."

"Wifi yangu amejifungua mtoto wa kiume, wiki tuliyozika. Kwetu jina la marehemu linarudi kwa mtoto wa dada yake siku ya arobaini. Lisiporudi, basi amepotea, hata kaburi ni shimo tu. Wajomba wamekataa. Wanasema jina la mlevi aliyezamisha watu halirudi nyumbani." Alisema bila kupandisha sauti. "Asubuhi ile alikunywa uji. Uji wa mtama. Mimi ndiye niliyeupika. Nataka unijibu kitu kimoja. Mume wangu alikosea nini?"

Nilikuwa na jibu tayari: kazi ya Mungu. Nilikuwa nimelitumia kwa siku thelathini na nane. Safari hii nililiacha. Nilifungua droo, nikatoa kitambaa, nikaiweka ile pini kwenye kiganja chake. Nikamweleza tangu mwanzo.

Aliigeuza kwa kidole gumba.

"Kidogo hivi?"

"Ndiyo."

"Keshokutwa uje Kilambo. Mimi hukuniambia jambo jipya, mimi nilijua hakulewa. Uwaambie wao."

"Watanipiga, Tekla."

"Huenda wakakupiga," alisema, akasimama. "Njoo."

Kabla ya kuondoka nilimwandikia yule afisa barua ya kuyasahihisha maelezo yangu. Sikujibiwa, ila nakala ninayo, na mkitaka someni. Fundi Anzuruni aliniazima baiskeli yake na hakuniuliza ninakwenda wapi.

Ua wa nyumba ile ulikuwa umefagiwa na mikeka imetandikwa. Wajomba walikaa upande mmoja, mama yake Atanasi upande wa pili, bibi mdogo wa umbo, midomo na mashavu yamechanjwa kwa mtindo wa wazee wa ng'ambo. Kiswahili kilimpita mbali. Tekla alikaa karibu naye kumfasiria. Sikupewa kiti na sikukitafuta.

Nikasema. Nilieleza pini ya shaba ni ya nini, na kwa nini inakatika, na kwamba kila dereva wa mto ule anagonga mchanga, mlevi na asiyelewa, kwa sababu mchanga unatembea. Nilieleza kwamba kwa pini ya shaba Atanasi angepiga magoti dakika kumi na kuendelea na safari. Nikasema nani aliyeitengeneza ile ya chuma. Nikasema niliulizwa na serikali na nikanyamaza.

Mjomba mkubwa alikuwa amekiweka chini kikombe chake. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyemuua, na umekuja kwa miguu yako?"

"Kwa baiskeli, mzee," nilisema, kabla sijajua ninachojibu. Hakuna aliyecheka. "Ndiyo. Ni mimi."

"Na kwa nini hukusema kwa afisa?"

"Niliogopa."

Bibi akamgusa Tekla, akasema maneno machache. Tekla akanigeukia. "Mama anasema, sema tena."

Nikasema tena, yote. Nilipomaliza, bibi akaelekeza kidole jikoni, kwa wanawake waliokuwa wanasonga ugali wa muhogo, wametoka na miiko mikononi. Hata wao walikuwa wamelipeleka neno la uraka kisimani. Akasema tena na Tekla akafasiri: "Wale hawakusikia mwanzo."

"Nianzie wapi?"

"Anza kwenye chuma."

Mara ya tatu nilianza kwenye chuma, nikafika mpaka kwa afisa. Mwisho bibi aliuliza jambo moja, na safari hii nilimwelewa kabla ya Tekla kufungua kinywa. Aliuliza kama mwanawe aliendesha vizuri.

"Aliendesha vizuri, mama. Hakukosea kitu."

Wajomba waliinuka wakaenda nyuma ya nyumba. Walikaa huko mpaka ugali ukapoa. Waliporudi, yule mkubwa alinipita nikanyoosha mkono, akautazama.

"Mkono wako hatuupokei," alisema. "Maneno yako tumeyapokea."

Akamwashiria wifi wa Tekla, dada yake marehemu. Mtoto akaletwa, amefungwa ndani ya kanga, amelala, ngumi moja nje. Bibi alimpakata, akamfunua uso, akapulizia paji lake pumzi. Kisha akainua kichwa na kuita mara moja tu, kwa sauti ya mtu anayemwita mwanawe aje kula:

"Atanasi!"

Tekla aligeuka upesi kutazama njia inayotoka mtoni. Na mimi nikageuka.